Tusekile na Mchaichai wa Babu

Tusekile aliishi Rungwe, mlimani, kwenye mvua na baridi. Aliishi na Mama, na Bibi, na kuku mmoja mwenye kelele aitwaye Madoa.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mchaichai. Babu aliupanda zamani, kabla hajafariki. Ukipita karibu na kuyagusa majani yake, mkono wako unanukia mpaka jioni.

Siku za baridi, Bibi alikwenda nyuma ya jiko na kisu kidogo. Alikata majani machache, shina akaliacha.

"Kata juu, acha chini," alisema Bibi. "Ukiacha chini, utakuta tena."

Bibi aliyaosha majani, akayafunga fundo, akayatia kwenye maji yanayochemka. Halafu aliepua sufuria, akaifunika.

"Funika, subiri," alisema Bibi.

Tusekile hakupenda kusubiri hata kidogo.

"Bado, Bibi?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Wewe mtoto. Bado."

Kisha Bibi alifunua. Fuuu! Jiko zima likanukia, na Tusekile akapewa kikombe chake kidogo cha bati.

Siku moja Bibi aliumwa. Alilala kitandani, akajifunika mablanketi mawili.

Koho, koho, koho, alikohoa Bibi.

Mama alikuwa shambani, anachimba viazi. Tusekile alikaa mlangoni, akawaza.

"Bibi anataka chai," aliwaza. "Chai nyingi. Mchaichai mwingi. Kikohozi kitaisha leo leo."

Kisu kilikuwa juu, kwenye rafu. Kisu si cha watoto, na Tusekile alilijua hilo. Basi akaenda na mikono yake mitupu.

Ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Tusekile alishika shina moja, akavuta.

Chopo! Likatoka zima, na mizizi yake na matope yake.

"Kumbe rahisi," alisema Tusekile. Akavuta jingine. Chopo! Na jingine. Chopo! Chopo! Alifurahi, akaanza kuimba.

Kisha akanyoosha mkono kushika shina jingine. Hakushika kitu.

Mchaichai wote ulikuwa umeisha. Palibaki shimo.

Tusekile aliangalia shimo. Ndipo akakumbuka: kata juu, acha chini.

"Laiti ningemngoja Mama," alisema Tusekile. "Laiti nisingeng'oa."

Akayabeba mashina yote, akayaficha jikoni, nyuma ya kuni.

Mama aliporudi, aliliona shimo.

"Nani amechimbua mchaichai wa Babu?" aliuliza Mama.

Tusekile alifungua mdomo. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Wakati huohuo Madoa alipita, anaparua matope kwa miguu yake. Paru, paru, paru.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama. Akamkamata Madoa, akamfunga mguu kwa kamba ya mgomba kwenye nguzo ya jiko.

"Ko?" alilia Madoa. "Ko, ko, ko?" Alikuwa kama anauliza, nimefanya nini mimi?

Tusekile peke yake alijua jibu. Hakulisema.

Jioni Mama alimpelekea Bibi kikombe cha maji ya moto.

"Leo hakuna mchaichai?" aliuliza Bibi.

"Hakuna, mama. Kuku ameuchimbua wote."

Bibi alikiweka kikombe chini. Alifuta macho kwa pindo la kitenge chake.

"Basi," alisema Bibi. "Ulikuwa wa Babu ule."

Tusekile alilala kando ya Bibi, lakini usingizi haukuja.

Koho, koho, koho, alikohoa Bibi.

Ko, ko, ko, alilia Madoa kule nje.

"Laiti ningemngoja Mama," alisema Tusekile ndani ya blanketi. "Laiti nisingeng'oa."

Asubuhi alikwenda kuangalia nyuma ya kuni. Moto wa jiko ulikuwa umeyakausha mashina yote. Mizizi ilikatika mikononi mwake, kach, kach.

Hayakufaa kupandwa tena. Tusekile alisikitika sana.

Akarudi chumbani. Akasimama kando ya kitanda.

"Bibi," alisema. "Si Madoa. Ni mimi."

Bibi alimtazama.

"Nilitaka chai iwe nyingi," alisema Tusekile. "Nilitaka usikohoe."

Bibi aliushika mkono wake.

"Nimeumia, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Sikufichi. Kila nilipounusa mchaichai ule, nilimkumbuka babu yako."

Tusekile akalia. Bibi hakumwambia anyamaze. Alimpapasa mgongo taratibu, mpaka machozi yakaisha yenyewe.

"Sasa nenda kamfungue mwenzio," alisema Bibi.

Tusekile alikwenda jikoni, akaifungua kamba ya mgomba.

"Samahani, Madoa," alisema.

Madoa alijikung'uta, akaondoka zake. Alikuwa bado amenuna.

Aliporudi chumbani, Bibi alikuwa na neno jingine.

"Jirani yetu Mama Lusajo alipohamia hapa, babu yako alimpa shina moja la mchaichai. Nenda kamwombe shina moja. Na umweleze ni kwa nini."

Kumweleza ndiko kulikokuwa kugumu. Tusekile alitembea polepole, tena polepole sana, mpaka kwa Mama Lusajo.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Mama Lusajo."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Tusekile alimweleza yote. Alimweleza Bibi anavyokohoa, na shimo, na kuni, na Madoa.

Mama Lusajo hakucheka. Alimchukua mpaka nyuma ya nyumba. Na pale palikuwa na mchaichai mkubwa, majani yake marefu, yananukia vilevile.

"Huu ni wa babu yako," alisema Mama Lusajo. "Mimi nimeutunza tu."

Alichimba shina moja taratibu, pamoja na mizizi yake. Kisha alikata majani machache ya chai.

"Kata juu, acha chini," alisema Tusekile.

"Naona unajua," alisema Mama Lusajo.

Nyumbani Tusekile alimweleza Mama naye yote, kisha wakalipanda pamoja lile shina nyuma ya jiko. Walifukia kwa udongo, wakamwagia maji.

Shimo lilikuwa kubwa. Shina lilikuwa dogo. Halikufanana kabisa na mchaichai wa Babu.

"Utakua, Mama?" aliuliza Tusekile.

"Utakua. Ila utasubiri."

"Kama chai?"

"Zaidi ya chai."

Jioni Mama alichemsha maji. Tusekile aliyaosha majani, akayafunga fundo. Mama akayatia, akaepua sufuria.

"Funika, subiri," alisema Mama.

Tusekile alikaa, akasubiri. Hakuuliza "bado" hata mara moja.

Fuuu! Jiko zima likanukia.

Bibi alikunywa taratibu. Alifumba macho, akanusa kikombe, akatabasamu kidogo.

Tusekile akaingia kitandani, kando yake.

Koho, alikohoa Bibi. Kimya. Koho, kidogo tu. Kimya tena.

"Bibi," alisema Tusekile. "Laiti nisingeng'oa."

"Najua," alisema Bibi. "Sogea karibu, ulale."

Nje mvua ilianza, ti, ti, ti, juu ya mchaichai mdogo. Na Tusekile akalala.