Stroberi za Mkono wa Kushoto

Nilifungua boksi, nikaangalia stroberi moja, nikajua mume wangu ananidanganya.

Sikuionja. Sikuinusa. Niliiangalia tu.

"Umezinunua wapi hizi?" nikamuuliza.

"Dukani," Efrain akajibu, huku kichwa chake kiko ndani ya friji akitafuta kitu ambacho hata hakukihitaji.

"Duka gani?"

"Si hapo njiani tu. Yadira, leo siku ya wapendanao, mke wangu. Kula basi."

Jamani, ngoja niwaambie. Mimi nimezaliwa Santa Maria, California, mji ambao mashamba ya stroberi yanakuja mpaka karibu na mlango wa jikoni. Mama yangu, Hermelinda, amezichuma miaka na miaka. Kila Februari aliniweka mezani, tunayeyusha chokoleti kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, tunatia mafuta ya nazi kidogo, tunachovya moja moja. Hakuna kuoka, hakuna jiko la maana. Kwa stroberi huniwezi.

Za dukani mistari yake ya chokoleti nyeupe imenyooka, zote zinafanana. Hizi zilikuwa za nyumbani. Kila moja ilikuwa na kamkia ka chokoleti pale ambapo mtu alizungusha mkono akiitoa kwenye bakuli.

Na mikia yote ilielekea kushoto.

Yangu huwa inaelekea kulia. Ya mama pia. Mkia wa kushoto maana yake aliyechovya ana mashoto.

Na mwenye mashoto anayechovya stroberi namjua mmoja tu. Anaitwa Noelia. Yuko Santa Maria, anapokea oda mtandaoni, na kabla yangu alikuwa mchumba wa Efrain.

Mnaona sasa?

Sisi tunaishi Oxnard, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari kutoka huko. Mimi nilikuwa na ujauzito wa miezi saba. Wa kwanza uliharibika, kwa hiyo safari hii daktari alinikataza safari ndefu na mawazo. Safari nikaziacha. Mawazo yalinishinda.

Maana tangu Novemba Efrain alikuwa na "kazi ya ziada" kila Jumapili. Kazi yake ni kufunga viyoyozi. Sasa niambieni nyie, nani anafungiwa kiyoyozi Jumapili, tena kwenye baridi?

Anarudi jioni amechoka. Mashati yananukia mafuta ya nazi.

Nikafua, nikanyamaza.

Halafu mama naye. Tangu Novemba hiyo hiyo hataki kupiga simu ya video. Eti kamera imekufa. Sauti yake nzito, maneno mafupi.

"Mama, unaumwa?"

"Jino tu, mwanangu. Limeng'olewa."

"Mbona haliponi?"

"Jino la kizee hilo. Haya, lala, mtoto apumzike."

Nikimtaja Efrain, anakata simu haraka haraka. Nikasema moyoni, mama anajua. Mji mzima unajua, mimi ndiye naachwa kwenye mataa. Roho iliniuma kuliko nilivyowahi kuumwa, maana mume unaweza kumdhania lolote, lakini mama yako mzazi?

Basi Jumapili hiyo ya wapendanao nikabeba boksi mpaka nje. Nikafungua pipa la taka. Nikazimwaga zote.

Efrain akaja mbio nyuma yangu.

"Yadira, umefanya nini?"

"Nimerudisha za Noelia kunakostahili."

"Noelia? Noelia anaingiaje hapa?"

"Usinifanye mjinga. Naijua kazi ya mashoto nikiiona."

Akanipita. Alisimama anaangalia ndani ya pipa, na kilichonitia wazimu ni kwamba hakukasirika. Alitaka kulia. Mwanaume mzima analilia stroberi za hawara, mke wake amesimama pembeni na tumbo lake!

"Nipeleke kwake," nikasema.

"Daktari alisema..."

"Nipeleke, au niende mwenyewe."

Aliniangalia sana. Akavuta pumzi, akachukua funguo za gari.

"Twende. Ila njiani usiniulize kitu. Niliapa."

Aliapa! Mmesikia hilo? Wameshafika mpaka kwenye kuapizana.

Tukaondoka. Alisimama mara kadhaa ninyooshe miguu, akanipa maji, nikayachukua bila asante. Kichwani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Noelia. Nilianza na ya heshima, mpaka tunaingia Santa Maria yalikuwa yamebaki ya matusi tu.

Tukafika kwenye mtaa wa Noelia. Efrain akaupita.

"Umepita mtaa," nikasema.

Akazidi kukanyaga mafuta.

Akakata kona, akasimama mbele ya nyumba ya mama.

"Kumbe umekuja kunishtaki kwa mama?"

"Shuka, Yadira."

Halafu akatoa mfukoni ufunguo wa mlango wa mama yangu. Mimi bintiye sina ufunguo huo. Akafungua kama mtu anayefungua kwake, na sasa sikujua tena namshuku nani kwa lipi.

Mama alikuwa jikoni, ametupa mgongo. Mezani kulikuwa na stroberi zimepangwa juu ya karatasi, nyingine zimeanguka sakafuni. Bakuli la chokoleti lilikuwa mbele yake.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani, vidole vimejikunja.

Wa kushoto ulikuwa umeshika stroberi kwa majani yake. Ulikuwa unatetemeka. Akaichovya, akaizungusha taratibu, akailaza kwenye karatasi.

Mkia ukaelekea kushoto.

"Efrain? Umesahau nini?" mama akauliza bila kugeuka. Maneno yalitoka yakiburutana. "Alikula?"

Nilipiga hatua moja mbele.

Ndipo akageuka. Mdomo wake ulikuwa umeshuka upande mmoja.

"Mama," nikasema.

Alichofanya kwanza ni kuuvuta ule mkono wa kulia kwa huu wa kushoto, akauficha chini ya aproni. Kwangu mimi. Mama yangu alinificha mkono wake.

"Nilikuambia usimlete," akamwambia Efrain.

"Amekuja mwenyewe, mama. Unamjua mwanao."

Kilikuwa kiharusi. Kilimpata Novemba, hapo hapo jikoni. Jirani akampigia Efrain, Efrain akamkuta mama hospitali, na mama akamwapisha kwa mtoto aliye tumboni mwangu kwamba sitajua mpaka nijifungue.

"Ulishampoteza mmoja," mama akaniambia. "Nisingekubali wa pili apotee kwa ajili ya habari zangu."

"Na jino?"

"Jino liko hapa. Yote yapo."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikapiga magoti nikauchukua ule mkono chini ya aproni, nikauweka shavuni kwangu. Ulikuwa wa baridi.

Basi ndizo hizo Jumapili. Efrain anamfulia, anampikia, kisha wanakaa mezani. Mtu wa mazoezi wa hospitali alikuwa amempa mama mpira wa kuminya ili mkono wa kushoto ujifunze kazi, mama akautupa kando. Mpira wa nini? Akaagiza stroberi. Efrain anaziosha, anazikausha kwa kitambaa mpaka hakuna unyevu, anayeyusha chokoleti, mama anachovya. Wiki za kwanza zilikuwa zinazama zote kwenye bakuli, na Efrain ndiye anayeingiza vidole kuziokoa.

"Zile za leo ndizo za kwanza kusimama vizuri," mama akasema, na jicho lake moja likawaka. "Nikamwambia mkwe wangu, mpelekee, mwambie umenunua. Hakuna anayezijua stroberi kama Yadira. Akila bila kuuliza, basi mkono huu unatosha kumbeba mjukuu wangu. Akishajifungua tu, nitampigia kwa video nimwonyeshe uso."

Akaniangalia.

"Haya. Ulikula?"

Wapendwa, nilitamani sakafu ifunguke. Niliona lile pipa. Niliona stroberi zake za kwanza ziko juu ya maganda ya mayai.

Nikafungua mdomo.

"Alizimaliza zote, mama," Efrain akasema. "Mimi hata moja hakunipa."

Mama akafumba macho. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

Nilikuwa nimetoka Oxnard kuja kumkamata mume wangu na uongo. Nikamkamata kweli, papo hapo, kwa masikio yangu, na nikamshukuru Mungu.

Nikavuta kiti. Nikaichukua ile ya mwisho, chokoleti bado haijaganda, ikanichafua mpaka kidevu. Nikaila yote, nikabaki na majani mkononi.

"Mkia wake unaelekea kushoto," nikasema.

"Una tatizo nao?"

"Sina, mama."

Machozi yakaanza tena. Mama akanisukuma bega kwa mkono ule ule wa kushoto.

"Toa uso wako juu ya bakuli. Tone moja la maji likiingia, chokoleti yote inaganda kama udongo. Nimekufundisha mara ngapi?"

Tukachovya pamoja mpaka bakuli likaisha. Efrain alikuwa anakausha, na kila nikimtazama anageuka pembeni. Usiku, ndani ya gari, nikamwomba msamaha. Akasema, "Kiyoyozi kwenye baridi, kweli nilikuwa muongo mbaya." Tukacheka mpaka mtoto akapiga teke.

Wenzangu, nataka mlione hili. Macho yangu hayakukosea hata kidogo. Stroberi zilikuwa za nyumbani, kweli. Zilitoka Santa Maria, kweli. Aliyechovya alitumia kushoto, kweli. Nilichoshindwa ni kuuliza swali moja zaidi kabla ya kufungua pipa, na stroberi za kwanza za mama sitazionja tena maishani.

Binti yetu amezaliwa salama. Mama alimbeba kwa mkono wa kushoto, hakutetemeka.

Mpaka leo anasimulia watu kwamba nilimaliza boksi zima peke yangu. Haingii mtandaoni, ndiyo maana nimeandika huku. Kama kuna anayemfahamu, tafadhali afanye kama Efrain.