Ng'ombe ao Makelele

Tuta lile lililo karibu na soko kuu la Mbarara halikuwahi kumshinda mtu. Boda boda zililipanda, malori ya matoke yalilipanda, hata mama mmoja mwenye mkokoteni wa mananasi alilipanda huku anaongea na simu. Gari la Muhire peke yake ndilo lililoshindwa. Lilikuja likinguruma mpaka wauza nyanya wakaziba masikio: jekundu, milango miwili, limeshushwa chini hadi tumbo linakaribia kulamba lami, na bomba la moshi pana kama sufuria ya ugali. Vijana wa mjini waliliita gari la misuli. Misuli hiyo ilipanda tuta kwa magurudumu ya mbele, ikalalia tumbo, ikabaki hapo ikipiga kelele bila kwenda popote.

Yvette alikuwa pembeni na furushi lake la vitenge, akisubiri gari la kumrudisha Nakivale, kambi ya wakimbizi. Alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kilichoshonwa kikamkaa sawasawa, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Alicheka mpaka furushi likamponyoka.

Mwenye gari akashuka. Alikuwa kijana mrefu, suruali ya kubana, miwani juu ya paji la uso, na viatu vyeupe ambavyo mtu mwenye akili zake asingevivaa Mbarara msimu wa mvua.

"Dada, unacheka nini?"

"Ninacheka ng'ombe yako. Imelala mu njia."

"Hii haiko ng'ombe. Hii ni mashini. Iko na nguvu ya farasi mingi!"

"Na farasi yote imeshindwa na katuta kadogo vile?"

Muhire alifungua mdomo kujibu, akajikuta anacheka. Kiswahili kile cha kwao Kivu alikijua. "Weye ni wa wapi?"

"Baba ni wa Lemera. Weye?"

"Minembwe."

Wakatazamana. Wafugaji wa Minembwe juu milimani na wakulima wa chini, kule nyumbani, hawakuzoea kuchekeana namna hiyo. Lakini hapa hapakuwa nyumbani, na gari lilikuwa bado juu ya tuta. Yvette alisimama kando akiwaamrisha wabeba mizigo wasukume wapi, na gari lilipotoka Muhire akaomba kumpeleka hadi Juru, kijiji chake huko kambini. "Miye sipandi kitu chenye kushindwa na tuta," alisema. Namba ya simu, hata hivyo, alimpa.

Basi simu zikaanza, wakiitana sheri, yaani mpenzi.

"Haloo, sheri. Umekula?"

"Nimekula. Na gari yako imekula?"

"Imekula esansi, tanki imejaa."

"Na weye?"

Mara nyingi gari lilikuwa limekula na mwenyewe hajala. Muhire alikuwa fundi wa gereji, na gari lile alilinunua likiwa mzoga usio na injini. Ujana wake wote ukaishia humo: injini kubwa, turbo, magurudumu ya kung'aa, redio ya kutikisa kifua. Chumbani kwake hapakuwa na kiti cha pili. Yvette alipomtembelea aliketi juu ya tairi, akamwambia kwamba hata kuku wa mama yake wana fanicha kuliko yeye. Alivicheka viatu vyake, akaicheka miwani, akamcheka anavyolifuta gari kwa kitambaa laini huku uso wake mwenyewe una grisi. Na kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba alimpenda. Alimpenda sana, na aliona aibu kumpenda mwanamume wa kipuuzi vile.

Siku Muhire alipokwenda Juru kujitambulisha, alikwenda na gari. Angeacha vipi? Mbuzi walikata kamba wakakimbilia mahindini, vumbi likafunika maharage yaliyoanikwa, na watoto wa kijiji kizima wakaja mbio. Mzee Léopold, baba yake Yvette, mzee wa kanisa asiyependa hata kengele ikipigwa kwa nguvu, aliketi akingoja ngurumo iishe. Ilipoisha, akauliza swali moja tu.

"Kijana, uko na ng'ombe, ao uko na makelele?"

Katika nyumba ile mahari haikuja ndani ya bahasha. Ilikuja kwa miguu yake minne, ikaingia uani watu wakiona. Muhire, mtoto wa wafugaji, hakuwa na hata ndama. Akainamisha kichwa.

Yvette hakuweza kuvumilia. Akasimama mbele ya baba na baba wadogo. "Papa, ile gari ataiuzisha, atanunua ng'ombe. Ni miye nasema. Akinidanganya, miye mwenyewe nitamukatala."

"Sawa," Mzee Léopold akasema. "Lakini akikudanganya, usiniletee tena mutu wa kule juu. Hata mumoja."

Muhire akatangaza gari, na hapo ndipo Mbarara ilipoonyesha rangi zake. Ni mji wenye wengi wa kupiga picha na wachache wa kununua. Wa kwanza aliketi kwenye usukani, akajirekodi na simu anavyotikisa kichwa, akashukuru akaenda zake. Wa pili alikuwa mchungaji wa kanisa jipya, mwenye suti ya rangi ya maziwa. Aliuliza kama kelele inaweza kuondolewa, na Muhire akanuna kama ameambiwa amkate mtoto ulimi. Wa tatu alitaka kubadilishana na kiwanja chake, na kiwanja chenyewe kilikuwa ndani ya kinamasi, kinakaliwa na vyura.

"Sheri, leo bamekuja batu batatu."

"Na wangapi bamerudi kwabo?"

"Batatu."

"Bon. Angalau hesabu imetimia."

Ndipo akatokea Tumwebaze, mtoto wa tajiri wa ng'ombe kule Endiinzi. Huyu alikuwa mjinga wa kutosha. Aliuza mitamba ya baba yake ili anunue ngurumo, wakati Muhire anauza ngurumo ili anunue mtamba, na wala hakuona kichekesho chochote. Aliwasha injini, akafumba macho, akatoa hela.

"Yvette! Nimeiuzisha!"

"Apana!"

"Imeenda. Ningali ninaisikia kwa mbali, inashuka kule chini."

"Muhire, unalia?"

"Ni mafua."

"Mafua ya turbo," akasema, na kwa mara ya kwanza aliyasema hayo kwa upole.

Kesho yake alimfuata Mbarara, amevaa kitenge kipya cha bluu. Walikula chapati na mayai kwenye kibanda, wakapanga siku ya kupeleka mahari: Jumamosi. Mvua ikaanza. Muhire akamvika koti lake mabegani, akatoka kutafuta boda. Yvette, mikono ikiwa baridi, akaitia mifukoni, na kidole kikagusa chuma.

Ulikuwa ufunguo wa gari. Aliujua vizuri, wenye kichwa chekundu, umefungwa kwenye kipande cha kamba kuukuu ya kusokotwa. Alikuwa ameuona ukizungushwa kidoleni mara ngapi! Kumbe mafua, kumbe machozi, kumbe Jumamosi, yote maigizo. Aliliacha koti juu ya benchi, akauchukua ufunguo, akaondoka ndani ya mvua.

Simu ikalia akiwa tayari njiani kurudi.

"Sheri, umeenda fasi gani?"

"Ufunguo wa gari unafanya nini mu koti yako?"

"Gari imeuzishwa, Yvette. Naapa."

"Na ufunguo?"

"Ule... uniache nao tu."

"Nikuache nao! Umeificha wapi ile takataka? Nilisimama mbele ya papa juu yako!"

"Siwezi kukueleza ku simu. Utanicheka."

"Sina hata nguvu ya kukucheka," akasema, akakata.

Siku mbili alimwachia simu ilie. Siku ya tatu, saa za mchana, alikuwa kwenye meza yake ya vitenge pale senta ya Juru, alipomwona Muhire anakuja kwa baiskeli ya kuazima. Viatu vyeupe vilikuwa vimekuwa vya udongo. Alionekana mnyonge, na Yvette akafurahi kumwona mnyonge.

"Umekuja kutafuta ufunguo?" Akautupa mezani. "Chukua. Uoe gari."

"Yvette, nisikilize."

"Nikusikilize nini? Muongo wa viatu nyeupe! Papa alikuwa na haki. Hauna ng'ombe, na sasa hauna hata..."

Hakumaliza. Kutoka upande wa Endiinzi ilisikika ngurumo, na duniani ilikuwepo moja tu ya aina ile. Mbuzi wakaanza kuvuta kamba. Gari jekundu likatokea ndani ya vumbi, likakwaruza tumbo kwenye kila jiwe, likasimama mbele ya meza. Akashuka Tumwebaze, miwani nyeusi, mnyororo shingoni. Yvette alimtazama yeye, akalitazama gari, akamtazama Muhire na baiskeli yake. Kumbe liliuzwa kweli.

"Wewe fundi!" Tumwebaze akafoka. "Mimi nalipa gari yote, si nusu. Ufunguo ya pili iko wapi? Naenda gereji, wanasema iko huku. Unataka kuja kuiba gari yangu, ssebo?"

"Apana." Muhire alisema akitazama chini. "Kwetu, ng'ombe akiuzishwa, kamba yake inabakiaka. Ukimutoa na kamba, baraka ya zizi inamufuata, hautapata ingine. Baba yangu alifanyaka vile. Miye sikuwa na ng'ombe, nilikuwa na gari tu. Nikafikiri ufunguo ndiyo kamba yake. Na hii kamba yenyewe, ni kipande cha ya baba. Ndiyo kitu nilitoka nacho Minembwe."

Tumwebaze akavua miwani. Bila miwani alikuwa na uso wa mtu wa kawaida kabisa. "Hata mzee wangu anafanya hivyo," alisema polepole. Kisha akakunja uso. "Lakini mimi, siku ile nauza mitamba yake... niliwapa watu pamoja na kamba. Zote."

Yvette hakumtazama hata. "Juu ya nini haukuniambia?" akamuuliza Muhire.

"Kila kitu yangu unachekaka. Viatu, gari, chumba yangu. Nilikuacha ucheke. Lakini hii ni ya baba yangu. Sikutaka uicheke."

Yvette alimkumbuka mama yake, ambaye hata njaa ikija hauzi kopo la mwisho la maharage kwa sababu ndilo mbegu, na hakuna aliyewahi kumcheka kwa hilo. Aliona haya. Akauchukua ufunguo, akafungua kifundo kwa meno, akamkabidhi Tumwebaze ufunguo mtupu.

"Ufunguo ni wa gari. Chukua, uende na makelele yako."

Kile kipande cha kamba alikiweka kiganjani mwa Muhire, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. "Na hii ni yako. Unisamehe, sheri. Nilikuumiza."

"Utakuja kucheka tena."

"Viatu, nitacheka mpaka nikufe. Hii, apana."

Jumamosi hakikusikika kitu. Watu wa Juru walikuwa wameketi uani tangu asubuhi, Mzee Léopold katikati na kofia yake ya kanisani, Yvette mlangoni kwa kitenge cha rangi ya dhahabu. Ndipo akamwona anashuka njia ya Endiinzi kwa miguu, amevaa gambuti nyeusi, na nyuma yake mtamba wa kahawia wenye pembe nzuri. Alipofika uani, mtamba akainua kichwa akalia, mlio mrefu uliowaamsha hata wagonjwa.

"Papa," Yvette akaita, "amekuletea byote mbili!"

Ua mzima ukacheka, na Mzee Léopold akang'ata mdomo ili asicheke. Akainuka, akamzunguka mtamba, akamgusa mgongo. Habari za ule ufunguo alikuwa amezisikia, kama kijiji kizima.

"Ni muzuri," alisema. "Basi, kijana, fungua kamba yako uibakize. Sisi tutamufunga na yetu."

Muhire hakuifungua. Kamba ilikuwa mpya, ya katani, na mwishoni, pale pa kushikia, alikuwa ameisokotea kile kipande kuukuu cha Minembwe. Akapiga goti, akaiweka yote mikononi mwa mzee.

"Papa, ni ng'ombe ya kuuzisha ndiyo kamba yake inabakiaka kwa mwenyewe," alisema. "Huyu sijamuuzisha."