Jina la Aliyezikwa Masakta

Siku ya mnada Katesh, dume la ng'ombe lilimsukuma Justina akaangukia kifuani kwa kijana mrefu wa Kibarabaig. Gauni lake la maua ya njano likajaa vumbi.

"Dada, huyu ng'ombe hana adabu."

"Na mwenye ng'ombe?"

"Mwenye ng'ombe amedaka mzigo mzuri."

Kijana aliitwa Gidahosh, wa kijiji cha Masakta. Justina, mzaliwa wa Tumati na si Mbarabaig, alikuwa karani wa ardhi. Alitumwa kuchunguza eneo moja lilikuwa la nani kabla matrekta ya shamba la ngano la serikali hayajaingia. Eneo lenyewe lilikuwa la kwao Gidahosh, na jembe la trekta lilikaribia tuta la kaburi la babu yake.

Uchunguzi ukawa mapenzi. Gidahosh alimwita "mzigo wangu", Justina akamwita "mchungaji".

Siku moja Gidahosh akiwa malishoni, Justina alimwuliza mama wa kijana huyo penye tuta, "Mama, hapa amezikwa nani?" Mama akatazama pembeni. Akaulizwa tena, akaenda kukamua. Justina akaandika: mkazi hamjui marehemu.

Habari zilipomfikia, Gidahosh alimfuata ofisini.

"Mama yangu hajui kaburi la nyumbani kwake?"

"Alinyamaza!"

"Ni baba mkwe wake! Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wala la babu wa mumewe, hata umchape."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

Malisho yalikuwa yameisha, yamelimwa ngano. Gidahosh akaswaga ng'ombe kwenda upande wa Singida bila kuaga.

Justina aliwatafuta wazee, wakamtajia jina, akaandika upya. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja na bado ukabaki. Dirishani kulikuwa na ngano tu, na upepo.

Kisha siku moja ofisini simu ikalia.

"Mzigo wangu."

"Mchungaji! Unakula?"

"Maziwa. Wewe?"

"Nakula peke yangu."

"Basi nikuoe. Mama aje akuchukue wiki hii."

Justina alitazama faili la tuta. "Kesi ya kaburi ni mwezi ujao, na shahidi ni mimi. Nikishakuwa mkamwana wenu, jina la babu yako nitalitamkaje mbele ya hakimu? Nisubiri."

Simu ikakwaruza.

"Kusubiri huku ni kubaya, Justina," alisema Gidahosh, simu ikakatika. Hakupiga tena.

Siku ya kesi Justina alisimama mbele ya hakimu akiwa na sweta lake la bluu.

"Anaitwa Qamara," alisema kwa sauti. "Aliishi pale, akafia pale, wanawe wakamzika."

Kule nyuma mama wa Gidahosh alijifunika uso kwa shuka.

Hakimu akaamuru tuta lisiguswe. Malisho yakabaki shamba la ngano.

Nje, Justina alitafuta kijana mrefu kati ya watu. Hakuwepo. Alianza kuondoka peke yake, mama akamshika mkono na kumvisha bangili yake ya shaba.

"Umemaliza?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Nimemaliza, mama."

"Basi usilitaje tena jina hilo, mkamwana."