Goti la Kuku

Kila asubuhi Mouzdalifa alirudi kutoka chuo cha Kurani, akanywa chai amesimama, kisha akaanza kuzunguka ua. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakujua kukaa. Mama yake, Echat, alisema viti vya nyumba ile havikuwa vikimfahamu.

Mwaka huo, 1972, baba yake, Abdoulkarim, seremala aliyetoka Mutsamudu, alinunua msumeno wa umeme. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba ya mkewe hapa Moroni, na umeme uliishia nyumbani. Fundi umeme Ridjali akaagiza uchimbwe mtaro wa kufika gotini hadi karakana, bomba lenye waya lilazwe humo, na usifukiwe kabla hajauona. Mouzdalifa aliiomba kazi hiyo. Baba akamkubalia, na akajisifu kwa mtaa mzima.

Lakini ardhi ya Moroni ni mawe ya volkano; udongo umewekwa juu kwa heshima tu. Katikati ya ua sururu iligonga mwamba. Mtaro ukakomea kina cha kiganja kimoja. Mouzdalifa akatazama huku na huku, akalaza bomba, akafukia.

Ridjali alipofika akauliza kina.

"Goti, fundi. Mwanzo hadi mwisho."

"Goti la nani? La kuku?"

Akacheka, na kwa haraka zake akaunganisha waya bila kufukua.

Wiki mbili baadaye, jamaa walikuja kujenga banda la harusi ya Zalifa, mdogo wake mama. Mjomba Combo alishika mtaimbo akatafuta pa kusimamisha nguzo. Akachagua penye udongo laini: katikati ya ua.

Mouzdalifa akamwambia pana siafu. Combo akajibu kwamba siafu hawakualikwa. Akamwambia pana jua. Combo akamuuliza kama bibi harusi ni yeye. Karakanani baba alikuwa akikata mbao za kitanda cha harusi, msumeno ukinguruma. Mtaimbo ukainuliwa.

Mouzdalifa alikimbia ndani, akashusha swichi kuu. Msumeno ukanyamaza. Baba akatoka akiuliza nani amezima.

"Mimi, baba. Mjomba, weka mtaimbo chini. Hapo bomba liko kiganja kimoja. Nilidanganya."

Combo akafukua kwa vidole, na bomba likaonekana mara moja. Akakaa palepale mavumbini.

Ridjali aliitwa, akakiri kwamba naye alikosa kwa kutokagua. Siku mbili baba na binti walivunja mwamba kwa nyundo na tindo, na mbao za kitanda cha harusi zikakatwa kwa msumeno wa mkono. Safari hii Ridjali alishuka mtaroni akapima kwa goti lake mwenyewe, hatua kwa hatua, ndipo akaruhusu ufukiwe.

"Mwamba kukushinda si kosa, mwanangu," baba alisema, akifuta jasho. "Ungeniita, tungeuvunja wawili. Lakini ulipoufukia na kusema goti, ulimchimbia mjomba wako kaburi la kiganja kimoja. Kazi ikikushinda, sema ungali na sururu mkononi."