Mwonyaji wa Maji Moto

Maji ya bwawa la kinu hayana harufu. Huchujwa usiku na mchana mpaka yasibaki na ladha wala kiumbe, na Ragnhild Öhrn, aliyekagua vyuma vya vinu vya nyuklia kwa miaka kumi na tisa, angeliapia hilo mahakamani. Lakini asubuhi ile, siku moja kabla ya sikukuu ya kiangazi, aliinama ukingoni akanusa nywele zilizoungua.

"Nani anababua nguruwe humu?" aliuliza.

Sixten, mwendesha kreni, hakucheka. Hilo nalo lilikuwa jambo, maana Sixten alicheka hata mazikoni.

Mita kumi chini yao, ndani ya maji ya buluu, zilining'inia fimbo za kudhibiti. Hizo ndizo hatamu za moto wa nyuklia: zikisukumwa ndani ya kinu, moto unatulia, zikikatika, hakuna wa kuushika. Kinu kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo, na fimbo tatu zilikutwa na nyufa. Ragnhild aliitwa aeleze kwa nini.

Alitaka amalize kabla ya jioni. Kesho yake mwanawe wa pekee, Tuva, alikuwa anaolewa, kilomita arobaini tu kutoka mtamboni. Ragnhild alikosa mahafali ya Tuva kwa sababu ya bomba lililovuja, akakosa na sherehe yake ya kutimiza miaka thelathini kwa sababu ya nati. Safari hii Tuva hakugomba. Alisema tu kwenye simu, "Mama, naomba siku moja. Moja tu, uwe wangu." Maneno hayo yalimchoma mama yake kuliko matusi.

Wakashusha kamera. Ufa wa fimbo ya tatu ulikuwa sentimita nne asubuhi. Waliporudi kutoka kunywa kahawa, ulikuwa sentimita saba.

"Umepima vibaya, dada," Sixten alisema.

"Nimepima mara tatu, mzee. Chuma kilichotundikwa tu hakipasuki. Hakifanyi kazi yoyote!"

"Basi kuna anayekifanyia kazi."

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka chini ya bwawa. Ragnhild alitazama kioo cha kamera, na pale, mbele ya macho yake, ule ufa ukaanza kutembea, polepole, ukisimama na kuendelea, ukisimama na kuendelea, kama vile kuna mtu anayekwaruza kwa ukucha na kila baada ya muda anapumzisha mkono, na kadiri ulivyotembea ndivyo harufu ya nywele ilivyozidi, mpaka akaziba pua kwa mkono wa ovaroli.

"Sixten," alinong'ona. "Umeona?"

"Nimeona. Punguza sauti." Mzee alichuchumaa karibu naye. "Hapa tulipo palikuwa na kibanda cha bibi yangu, kabla serikali haijanunua ardhi. Bibi hakuwahi kumwaga hata maji ya viazi uani bila kuita kwanza: 'Jiangalieni huko chini, maji ya moto yanakuja!' Wenyeji wa chini wapate kukusanya watoto wao."

"Unaamini majini, wewe mtu mzima?"

"Cheka tu. Wakajenga mtambo. Miaka ishirini na tatu unamwaga maji moto, hata kinu kikizimwa moto wa mabaki unapozwa na maji yanamwagwa, na hakuna aliyewahi kusema hata samahani. Watoto wao wanaungua, dada. Ndiyo harufu hiyo. Na wao wamegundua ni chuma gani kinachotuuma sisi."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ragnhild hakujua mtu anazibaje ufa wa namna ile. Ngo, ngo, ngo, na ule ufa ukafika sentimita tisa.

"Ita," Sixten alisema bila kumtazama. "Kuita ni bure."

Aliona haya. Aligeuka kuhakikisha hakuna mwingine, akainamia maji na kusema, "Jiangalieni huko chini, maji ya moto yanakuja."

Kugonga kukakoma papo hapo. Ufa ukasimama. Ragnhild alicheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, akaandika kwenye ripoti kwamba chanzo bado kinachunguzwa, na saa tisa alasiri wakaondoka.

Kutoka eneo la mionzi lazima upite kwenye kizimba cha kupimia. Unasimama ndani, mlango unajifunga nyuma yako, unaingiza mikono, na ukiwa safi kioo cha mbele kinafunguka. Sixten alipita. Ragnhild akaingia.

Taa ikawaka nyekundu. "Hujaruhusiwa," ilisema sauti ya kike ya mashine. "Pimwa tena."

Akapimwa tena. Nyekundu. Mlango wa nyuma haukufunguka, wa mbele nao haukufunguka, na ndani ya kizimba kile kisichozidi upana wa jeneza harufu ya nywele ikaanza kupanda kutoka miguuni pake, kisha ngo, ngo, ngo, safari hii chini ya nyayo zake mwenyewe, kisha kitu kidogo chenye joto kikamshika kifundo cha mguu, na kingine, na kingine, vidole vyembamba kama vya mtoto mchanga, vikimvuta ovaroli kama watoto wanavyomvuta mama anayetaka kuondoka, naye akapiga kioo kwa viganja vyote viwili akilia jina la Sixten.

"Ita!" Sixten alisema kutoka upande wa pili. "Usinyamaze!"

Akaita. Akaita tena na tena bila kupumzika, na alipofika mara ya ishirini hivi taa ikawa kijani.

Alianguka nje. Sixten alikuwa ameketi kwenye benchi, ugoro ndani ya mdomo, macho sakafuni.

"Bibi alisema anayewaonya mara moja ndiye mwonyaji wao," alisema. "Alimwaga ndoo mbili kwa siku, kazi ikaisha. Huku maji hayaishi."

"Ulijua?"

"Miaka ishirini na tatu nimeubana mdomo wangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeita?"

Alitamani kumzaba kofi. Badala yake aliita, maana sakafu ilikuwa imeanza kupata joto.

Ndani ya gari alijaribu kunyamaza. Hakufika hata daraja la kwanza, simu ikalia. Ni Sixten, aliyerudi kwenye kioo cha kamera. "Umenyamaza? Ufa umekimbia tena. Na fimbo nyingine zimeanza kupasuka, zote kwa pamoja, hata zile zilizobaki ndani ya kinu kuushika moto. Nimeita mimi mpaka koo limekauka, hawanisikii. Ni sauti yako wanayoitaka." Usiku ule Ragnhild hakulala, aliita mpaka kukakucha. Kanisani aliita kwa kunong'ona nyuma ya kitabu cha nyimbo, na watu wakadhani anamwombea bibi harusi.

Karamu ilikuwa katika ghala la zamani la nyasi, lenye sakafu ya mbao. Samaki wa siki wakaliwa, viazi vipya vikaliwa, kisha msimamizi wa karamu akagonga glasi yake.

"Na sasa, mama wa bibi harusi!"

Ragnhild akasimama. Alikuwa na hotuba ya kurasa nne, na katika kurasa hizo mlikuwa na samahani zote alizodaiwa. Watu sitini walimgeukia. Tuva aliegemeza kidevu mkononi, akimtazama mama yake, uso wazi kabisa.

"Mwanangu Tuva," alianza.

Ngo, chini ya mbao. Simu ikatetemeka mkobani. Ngo. Ikatetemeka tena, na tena, haikuacha, na Ragnhild akafikiria kilomita arobaini, na upepo uliokuwa ukivuma kutoka upande wa mtambo, na shela jeupe la mwanawe. Alimpenda kuliko pumzi yake. Akaiweka ile karatasi mezani.

"Jiangalieni huko chini," alisema, sauti ikimkatika, "maji ya moto yanakuja."

Wageni wakaangua kicheko, wakainua glasi. Tuva hakucheka.

"Mama," alisema taratibu. "Hata leo?"

Ragnhild alimtazama mwanawe, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akavuta pumzi, akaita tena.