Mshubiri wa Lesotho

Asubuhi ya Jumanne Lukresia alikamua ng'ombe, maziwa yakatoka ya baridi. Si baridi ya ndoo iliyolala nje, la. Yalitoka kwenye chuchu kama yametolewa kwenye friji, na vidole vyake vikafa ganzi kabla ndoo haijafika nusu. Akagusa kiwele. Kilikuwa na joto lake la kawaida. Ng'ombe alikuwa ameacha kutafuna, anatazama kitu nyuma ya bega la Lukresia.

Lukresia hakuwa mwanamke wa kukimbilia rozari kwa kila jambo lisilo na maelezo. Aliyamwaga maziwa, akanawa, akaenda kuutazama mche wake.

Mche huo ulikuwa fahari yake. Wiki mbili nyuma kwaya ya kigango chao cha Uru, miteremkoni mwa Kilimanjaro, ilialikwa Lesotho, ile nchi ndogo ya milima iliyozungukwa yote na Afrika Kusini, ambako watu hujifunga mablanketi mchana kweupe na mfalme bado ni mfalme. Waliimba, wakalishwa, wakaonyeshwa maporomoko ya maji na farasi wanaopanda majabali. Sasa, mama wa Uru hawezi kutembelea watu akarudi hivi hivi. Atachomoa mche kwa mwenyeji, ataufunga kwenye kitambaa kibichi, na kuomba haombi, kwa sababu wanawake wote wa kule watakuambia kwamba ua la kuiba ndilo linaloshika. Lukresia aliuona mshubiri ambao majani yake yamejipanga kwa kuzunguka kama gamba la konokono, umeota katikati ya mawe nyuma ya nyumba ya wenyeji wake. Akaung'oa.

Mawe yale yalikuwa yamepangwa kwa urefu wa mtu. Aliyaona, ila hakutaka kuyaona. Mtu aliyezaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, ambako babu na bibi wamelala chini ya migomba hatua kumi kutoka jikoni, hawezi kusema hajui kaburi. Ilikuwa tamaa tu, na tamaa haina umri.

Jumatano ikaja harufu ya sufu iliyoloa na moshi wa samadi kavu, ikakaa chumbani hata baada ya madirisha kufunguliwa. Alhamisi, saa tisa alasiri, ukungu uliposhuka kutoka mlimani kama kawaida yake, zikasikika kwato. Uru kuna ng'ombe, kuna mbuzi, farasi hakuna. Kwato zikapanda njia polepole, zikaingia kihambani bila kutikisa jani la mgomba hata moja, zikaizunguka nyumba, zikasimama nje ya dirisha la chumba alimojipumzisha Melkior, mume wake.

Lukresia alipoingia, Melkior alikuwa ameketi kitandani na koti lake zito, viatu amefunga kamba. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama yale maziwa.

"Baba Fabian, unakwenda wapi?"

"Re ea hae," akasema Melkior.

Maneno yale Lukresia alifundishwa na wenyeji wa Lesotho siku ya kuagana: tunakwenda nyumbani. Melkior hakuwahi kuvuka hata mpaka wa Kenya.

Siku ya pili yake Victoria, wifi yake, alipanda kutoka Kiboriloni akiwa na Mzee Sifael, mganga aliyesifika hadi Himo. Lukresia akamwamkia, akamwonyesha mshubiri, akaeleza yote bila kujipendelea. Mzee akachutama, akanusa udongo, akarudi nyuma haraka.

"Majini ya Tanga nayajua, ya Pangani nayajua," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni mzimu wa watu, tena hata Kiswahili hajui. Nitamfukuza kwa lugha gani? Ulikwenda kwake ukachukua. Na yeye amekuja kwako kuchukua."

"Nikiung'oa?"

"Jaribu."

Lukresia akaushika mche kwa mikono miwili na kuvuta. Ndani ya nyumba pumzi ya Melkior ikakatika, na kadiri alivyovuta ndivyo Victoria alivyozidi kuita kutoka chumbani kwamba kaka yake anageuka rangi, kwamba macho yamepinduka, kwamba aache, aache, aache. Akaachia. Melkior akakohoa.

"Mama, mzee wako ana miaka sabini na mbili," mganga alisema akijipangusa mikono. "Mwache aende kwa amani. Mzimu ukimchukua yeye, utatosheka."

"Mzee Sifael, nimekuheshimu tangu umeingia, na nitakuheshimu mpaka utoke," Lukresia alisema. "Toka. Mwizi ni mimi. Mume wangu hatalipia mkono wangu."

Jumamosi alichuma jani la isale mpakani mwa kihamba, akalifunga fundo, akajaza mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata. Mchagga akikukosea kisha akaja na isale mkononi, humfukuzi wala humnyimi msamaha, hata kama amekuulia mtu. Alikaa chini karibu na mche, kata pembeni yake, akangoja.

Ukungu ukashuka, harufu ya sufu ikatangulia, kisha kwato, na safari hii aliona: farasi mwembamba, na juu yake mtu aliyejifunga blanketi, na chini ya kofia yake ya nyasi yenye ncha, kama zile alizoziona Lesotho, hapakuwa na uso wowote, palikuwa na ukungu tu. Mlango wa nyumba ukafunguka. Melkior akatoka na koti lake, akampita mkewe kana kwamba ni kisiki, akainua mguu kupanda, na Lukresia akalidaka pindo la koti kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiinua isale, huku baridi ikimpanda kutoka vidoleni hadi kwapani hadi kwenye meno, na bado hakuachia.

"Nimekuibia," alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Ni kaburi lako, nililiona, na nikachukua. Naomba radhi. Lakini sikiliza. Nilipokuja kwenu nilikaa mliponikalisha, nikajifunga blanketi mlilonifunga. Sasa wewe uko kwangu. Uru nayo ilikuwa nchi, ndogo kama yenu, ina mangi, mfalme wake, na sheria yake moja haijafa: aliyeletewa isale hakatai. Ukikataa, wewe si mgeni tena. Ni mwizi mwenzangu, na wezi tutashikana hapa hapa."

Farasi akapumua. Kisha jani likavutwa polepole kutoka mkononi mwake, na mbege ikashuka ndani ya kata mpaka ikaisha.

Mguu wa Melkior ukarudi chini.

"Mama Fabian," alisema kwa kuchoka, "mbona unanivuta koti kwenye baridi hii?"

Lukresia akamkumbatia akalia bila aibu. Shingo yake ilikuwa ya moto, moto wa mtu. Akamkabidhi kwa Victoria aliyekuwa mlangoni akitetemeka.

Ndipo sauti ikasema nyuma yake. Haikusema maneno ya Lesotho. Ilisema Kichagga, kile cha Uru hasa, safi, kama cha mtu aliyekulia bonde la pili: ilimshukuru kwa pombe, ikauliza mgeni atalala wapi.

"Wifi," Victoria akanong'ona, "amejifunza lugha yetu."

Mgeni aliyejua lugha ya wenyeji hana haraka ya kuaga. Lukresia alilijua hilo. Hata hivyo aligeuka.

"Ndani ya nyumba yangu hulali. Utalala kule makaburini, mwisho wa mstari, baada ya baba mkwe. Na wote waliolala kule wanalinda migomba, kwa hiyo na wewe utalinda."

Kwato zikageuka, zikaondoka kwa utulivu kuelekea makaburini. Lukresia alisimama na kata tupu, kidevu juu, akazisikiliza hadi zikakoma, na hadi baba mkwe wake, waliyemzika mwaka wa elfu mbili na nane, alipokohoa kidogo na kusema, "Karibu."