Mwitiko wa Tatu

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa ngazi. Mama mkwe wangu, Evarista, alitaka kuanika mtama juu ya tembe la zamani, nyumba ya paa bapa la udongo anayoitumia kama jiko pale kwake Kibakwe. Mimi nilikuwa nimezubaa.

"Baba Anyesi, ngazi haishikwi kwa mawazo," alisema. "Au huko chuoni Chimwaga mnafundisha watu kudondoka?"

Binti yangu Anyesi alicheka.

"Na wewe mke mwenzangu, usinicheke. Lete ungo."

Mtama ukaanikwa. Ngazi tukailaza chini, ukutani.

Nilikuwa nimekuja na riwaya. Niliianza na mke wangu, Angelina, kabla hajaugua: habari za nchi ya kubuni ambako juu ya mapaa ya tembe hutembea viumbe tuliowaita Wakimya. Katika rasimu ya kwanza walitembea tu. Angelina alikuwa msomaji mkali. "Hawa wabaya wako hawana njaa," aliniambia. "Asiye na njaa hamtishi mtu." Alifariki kabla sijaigusa tena.

Mchana ule, kivulini, kompyuta mapajani, niliwapa njaa. Hawana sauti zao. Huazima za marehemu. Humwita mtu kwa sauti ya yule anayemlilia. Akiitika mara tatu, anakuwa mmoja wao. Kisha nikabadilisha mhusika mkuu. Shujaa wangu wa mwanzo, mwenye mkuki na maneno mengi, hakuwa na uhai. Nikamwondoa, nikamweka msichana mdogo mwenye adabu, aliyefundishwa na mama yake kuitika mwito wa kwanza. Sikuhitaji kumbuni. Alikuwa uani, anaosha vyombo.

"Anyesi!"

Sauti ilitoka juu ya tembe.

"Abee, mama!"

Aliitika bila kuinua kichwa, sufuria mkononi. Kisha akaacha kusugua, akanitazama.

Ilikuwa sauti ya Angelina. Hata alivyoivuta silabi ya mwisho. Juu ya paa, mtama ulichakarika chini ya nyayo.

Evarista alitoka jikoni. Udongo wa dari ulikuwa umemwangukia kichwani.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia, mama."

"Angelina nimemzaa mimi. Yule siye." Aliitazama kompyuta. "Unaandika nini hapo?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kiganja chake kikiwa juu ya mdomo wa mtoto.

"Futa."

"Ni hadithi tu, mama."

"Basi haitakuuma kuifuta."

Sikufuta. Tangu mazishi sikuwa nimeisikia sauti ile. Nilitaka kuisikia mara moja zaidi.

Iliita tena jua lilipoegemea milima. Bibi alikuwa amekwenda kufunga mbuzi.

"Anyesi."

Karibu zaidi. Upole zaidi.

"Abee."

Nilipogeuka, mtoto alikuwa anaiburuta ngazi. Nilimdaka kiunoni. Alikuwa anatetemeka, na haukuwa woga. Ilikuwa furaha.

"Niache, baba. Mama ananiita."

Nilimwita bibi yake, akaja mbio, akaingia naye chumba kilichopakana na tembe, akafunga mlango. Nikakaa nje ya mlango huo, kando ya ukuta wa tembe, nikafungua rasimu. Nikafuta aya nzima. Ikarudi. Nikafuta ukurasa. Ukarudi, neno kwa neno. Kupunguza kulikataa. Kuongeza kulikubali. Basi nikaongeza sheria moja: mzazi aweza kuitika badala ya mtoto wake, na litakalokuja litamjia yeye.

Giza likaingia. Mbuzi walinyamaza wote kwa pamoja.

Mtama ukachakarika.

"Anyesi."

Nyuma ya mlango nilimsikia mtoto akivuta pumzi.

"Naam," nikaitika.

Nyayo zilisimama juu yangu. Kisha zikaondoka, polepole, kuelekea upande wa mlima. Zilifika ukingo wa paa. Zikaendelea. Hazikushuka.

Asubuhi nilipanda ngazi. Katika mtama kulikuwa na alama za miguu mitupu, myembamba, zote zikielekea ukingoni. Sikuona zilizokuja.

Nilishuka. Usiku Anyesi alikuwa amelala vizuri. Macho yake yalikuwa maangavu, na alikuwa amekaa mkekani akichezea ncha ya kanga ya bibi yake. Evarista alikuwa anamimina chai. Nikashukuru.

"Anyesi, njoo unywe chai," nilimwita.

Hakuitika. Alitazama paa kwanza. Kisha akaitazama midomo yangu.

Evarista aliweka birika chini. Alimvuta mtoto, akamfunika kwa kanga.

"Bibi," Anyesi alinong'ona ndani ya kanga, "mbona baba anaongea kwa sauti ya mama?"

  Nilichukua karatasi, nikaandika: *Anyesi asiniitikie kamwe, hata nikimwita kwa simu.* Nikaiweka chini ya kikombe changu, nikaenda barabarani, nikasimamisha bodaboda. Dereva aliniuliza niendako. Nilimwonyesha kwa kidole upande wa Mpwapwa.